Ofa ya kupandikizwa nywele, grafti 5,000, Istanbul kwa mwenye nywele za kipilipili: daktari achunguzwe vipi?

Mzawa_wa_Temeke

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaolijua hili jambo kwa undani.

Umri miaka 34, niko Dar. Upara uko kwenye ukoo, kwa baba na kwa wajomba. Mapanja yameingia ndani na utosini kuna duara la upana wa kama sentimita 5. Kwa kipimo cha Norwood cha hatua za upara wa wanaume najiweka hatua ya 3, ile yenye utosi. Nywele ni za kipilipili hasa. Kisogoni, chini karibu na shingo, kuna vipele vigumu vinavyochachamaa kila baada ya kunyoa. Sijatumia dawa yoyote.

Nilituma picha 4 kwa WhatsApp kwa kliniki moja ya Istanbul. Majibu yalikuja ndani ya saa moja: FUE (kuvuna mizizi ya nywele kisogoni kifungu kimoja kimoja na kuipanda penye upara), grafti, yaani vifungu hivyo, 5,000 kwa siku moja, hoteli siku 3, kupokewa uwanja wa ndege, na malipo ya kutanguliza wiki hii ili nafasi isipotee. Jina la daktari halijatajwa.

Je, hiyo 5,000 ina mantiki? Vipele vya kisogoni ni tatizo? Nitajuaje kama daktari anaziweza nywele zetu? Na nikiamua kusubiri, nifanye nini kwa sasa? Nimefika mahali kofia haitoki kichwani hata kwenye vikao vya familia, na jambo hili linanisumbua kuliko ninavyoonyesha.

---

Kinu_na_Mchi

Mkuu, anza na vipele, maana hivyo peke yake vinaweza kusimamisha safari yote.

Vipele vigumu vya kisogoni kwa mwanamume mwenye nywele za kipilipili mara nyingi ni kile madaktari wanachokiita akne keloidalis. Mizizi ya nywele inavimba kwa muda mrefu, na isipotibiwa inaacha makovu manene na upara wa kisogoni. Sasa kisogo ndilo shamba la kuvunia grafti. Kutoboa matundu elfu kadhaa kwenye ngozi iliyovimba ni kualika makovu zaidi, na mzizi ulioumwa ukihamishwa haufiki popote. Kliniki iliyopanga grafti 5,000 bila kukuuliza lolote kuhusu kisogo haijakupima.

Mtafute daktari wa ngozi aliyesomea ngozi, si saluni yenye koti jeupe. Kwa walio kaskazini, KCMC Moshi kuna kituo cha RDTC kinachofundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Matibabu ya kawaida ya vipele hivi ni kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi (mashine iache milimita 3 hivi), losheni ya steroidi kali, antibiotiki ya doksisaiklini kwa wiki kadhaa, na sindano ya steroidi ya traiamsinoloni kwenye vinundu vilivyokomaa. Usipandikize mpaka kisogo kitulie kwa miezi kadhaa bila kipele kipya.

Huyo huyo akuangalie utosi kwa lenzi ya ngozi. Upara wa ukoo unaonyesha nywele nene na nyembamba zikiwa zimechanganyika, na vitundu vya nywele bado vipo. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, haina vitundu, au inawasha na kuuma, huo ni upara wa makovu, na unataka kukata kinyama cha milimita 4 kipelekwe maabara. Nywele zinazonyonyoka kichwa kizima kwa ghafla nazo zina habari yake: homa kali au kujifungua miezi 2 au 3 iliyopita, upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo, kaswende. Damu inapimwa FBP (picha kamili ya damu), ferritini (akiba ya chuma), TSH (tezi ya shingo) na kaswende. Hayo hayapandikiziwi, yanatibiwa.

Sasa hesabu. Eneo salama la kuvuna, yaani kisogoni na juu ya masikio ambako upara wa ukoo haufiki, kwa mtu mzima ni kama sentimita 200 za mraba, na kwa wengi ni pungufu. Nywele zetu zina vifungu kama 60 kwa kila sentimita ya mraba. Gawa 5,000 kwa 200 upate 25 kwa kila sentimita: zaidi ya asilimia 40 ya kila ulicho nacho, kwa siku moja. Madaktari waangalifu hukaa kwenye 15 hadi 20 kwa kikao kimoja. Ukivunwa kupita hapo, kisogo kinabaki na mabaka, na wewe ni mtu wa kunyoa fupi, yataonekana tokea ng'ambo ya barabara. Mizizi iliyotolewa hairudi.

Na huhitaji zote hizo. Mbele pamoja na mapanja ni kama sentimita 50 hadi 60 za mraba. Nywele ya kipilipili inajikunja na kufunika ngozi, kwa hiyo grafti 25 hadi 30 kwa sentimita zinatosha mahali ambapo nywele zilizonyooka zingetaka 40. Hiyo ni 1,800 kwa makadirio ya juu. Utosi wako wa duara la sentimita 5 ni kama 20 za mraba, 500 nyingine. Lakini utosi ningeuacha kwa sasa. Ukipandwa leo na upara ukaendelea, utabaki na kisiwa cha nywele katikati, kimezungukwa na ngozi tupu, na akiba ya kukizungushia itakuwa imekwisha.

Muulize pia kama hiyo 5,000 ni grafti au ni nywele. Grafti moja ina nywele 1 hadi 4, kwa wastani 2 na kidogo. Wapo wanaotangaza nywele na kuziita grafti.

---

Binti_wa_Ng'ambo

Naongezea kwenye swali la daktari, maana hapo ndipo pesa na vichwa vinapotea.

Ugumu wa nywele za kipilipili hauko juu ya ngozi, uko chini yake. Mzizi wetu haushuki wima, umejipinda ndani ya ngozi. Panchi ya FUE ni kibomba chenye makali, na kinashuka kwa mstari ulionyooka. Asiyezoea anafuata mwelekeo wa nywele anaouona nje, anazama milimita 4, na njiani anaukata mzizi katikati. Grafti nzima ikiwekwa kwenye kitambaa na kutazamwa kwa lenzi utaona kitunguu chake cheupe chini na nyama nyembamba inayong'aa pande zote. Iliyokatwa ni kipande cha unywele bila kitunguu. Hiyo haioti, au inaota dhaifu, na kule ilikotoka pia panaweza kubaki patupu.

Anayezijua nywele zetu anatumia panchi pana kidogo, mara nyingi milimita 1 au zaidi badala ya 0.8. Hazami sana: anakata ngozi ya juu, kisha grafti inavutwa taratibu. Zipo pia mashine zenye panchi iliyotengenezwa kufuata mzizi uliojipinda. Kabla ya yote anafanya jaribio: anavuna grafti 20 hadi 50, anazihesabu kwa lenzi, anakuambia ngapi zimekatika. Chini ya 5 kwa kila 100 ni kazi nzuri. Zikizidi 10 anabadili panchi au kina, na zikiendelea hivyo anasimamisha. Muulize daktari, "kwa nywele za kipilipili, asilimia ngapi zinakatika mikononi mwako, na unazihesabu vipi?" Mwenye kazi yake anajibu kwa namba. Mwenye biashara anajibu kwamba teknolojia yao ni ya kisasa.

La pili, nani anashika panchi. Hakuna ubaya wasaidizi wenye uzoefu kuziingiza grafti kwenye matundu. Lakini kukupima, kuchora mstari wa mbele, kuvuna na kutoboa matundu ya kupandia ni kazi ya daktari, kwa sababu ni upasuaji. Malalamiko makubwa kuhusu vituo vya bei poa, Uturuki na kwingineko, ni hayo: daktari ni picha kwenye tovuti, na kazi nzima inafanywa na watu wasio na leseni. ISHRS, chama cha kimataifa cha madaktari wa kurudisha nywele, kina kampeni ya miaka sasa dhidi ya vituo vya namna hiyo. Uliza anahudumia wagonjwa wangapi kwa siku. Mmoja au wawili, sawa. Wakiwa kumi, hawezi kuwa ndiye anayevuna.

Uhakiki ufanye mwenyewe. Jina kamili la daktari litafute kwenye orodha ya wanachama wa ISHRS, ukijua kwamba uanachama peke yake si mtihani. ABHRS ndiyo bodi inayowatahini madaktari wa kurudisha nywele kwa maandishi na kwa mdomo. Kwa Uturuki, kituo kinachopokea wageni kinatakiwa kiwe na cheti cha utalii wa tiba kutoka Wizara ya Afya. Omba nakala na ulinganishe jina na anwani, maana kuna mawakala wanaouza nafasi za kliniki wasiyoimiliki. Kwa anayefanyiwa hapa, majina yanahakikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la huko.

Picha. Usikubali picha za Wazungu, na usikubali picha za mwezi wa tatu. Omba watu 5 wenye nywele kama zako, miezi 12 au zaidi baada ya upasuaji, taa na pembe zile zile za awali, na muhimu kuliko yote, kisogo kikiwa kimenyolewa kifupi. Video ya mtu anayepitisha chanuo kwenye nywele kavu inaficha kidogo kuliko picha, kwa sababu unga wa kupaka upara unaonekana chanuo likipita. Mstari wa mbele utazame kwa karibu: safu za kwanza ziwe grafti za unywele mmoja mmoja, na mstari usiwe wa duara uliokopiwa kutoka kichwa cha Mzungu. Wanaume wengi wa Kiafrika mstari wao wa asili umenyooka zaidi. Usikubali ushushwe hadi ulipokuwa na miaka 17. Nywele zilizopandwa chini sana zitabaki pale ukiwa na miaka 60.

Na ganzi. Kiwango cha juu cha lidokeini yenye adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, isizidi 500. Mtu wa kilo 70 anaishia kwenye miligramu 490, sawa na mililita 24 hivi za dawa ya asilimia 2. Kikao cha grafti 5,000 kinasukuma watu kupita hapo, na kuzidisha kunaleta degedege na moyo kupoteza mpangilio. Uliza kama kuna oksijeni, kipimo cha presha na mapigo muda wote, na mtu aliyefunzwa kuokoa mgonjwa.

---

Kibwebwe

Kaka, la kusubiri nakujibu mimi. Kwa umri na hatua yako, dawa kwanza ndiyo njia sahihi, hata kama utapandikiza baadaye. Kupandikiza kunahamisha nywele, hakuzuii zilizobaki kuondoka.

Finasteride miligramu 1 kwa siku ilikubaliwa Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume. Kwenye maduka yetu ya dawa mara nyingi utakuta ya miligramu 5 ya tezi dume, na watu huigawa nne. Fanya hivyo kwa maelekezo ya daktari tu, na mke mwenye mimba asishike vipande vilivyovunjika, kwa kuwa vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Asilimia chache ya watumiaji hupungukiwa hamu au nguvu za tendo la ndoa. Wapo pia walioripoti kushuka moyo, na wengine dalili ziliendelea hata baada ya kuacha. Ukiona hivyo, acha na urudi kwa daktari. Dawa hii hushusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa karibu nusu, kwa hiyo mwambie daktari yeyote atakayekupima tezi dume siku za mbele. Usichangie damu ukiwa unaitumia.

Minoxidil ya asilimia 5 ni mililita 1 asubuhi na jioni, kwenye ngozi kavu. Igawanye nywele ili dawa ifike kwenye ngozi, maana ikilowesha nywele juu umepaka bure. Wiki za mwanzo nywele zitadondoka zaidi, na hapo ndipo wengi wanaacha kwa hofu. Ni nywele zilizokwisha muda zinazopisha mpya. Ikiwasha sana, tafuta ya povu, haina propilini glaikoli inayowasha wengi. Nyumba yenye paka iwe na tahadhari, kwao ni sumu. Ukiacha, kilichopatikana kinaondoka ndani ya miezi michache. Ipime kwa picha za kila mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule, na hukumu itoke baada ya miezi 12. Kujitazama kwenye kioo kila asubuhi kutakuchosha na hakutakuonyesha kitu.

Kuhusu kofia na vikao: kinachovuta macho ni tofauti kati ya nywele ndefu za pembeni na utosi mtupu. Mwambie kinyozi ashushe kichwa chote kwa kitana namba 1, pembeni apunguze zaidi, bila wembe na bila kuchimba mstari wa mbele. Duara la utosini litapotea nusu siku hiyohiyo, na kisogo kitapata nafuu. Ukitaka zaidi, kuna tatoo ya nukta za kichwani inayofanana na nywele zilizonyolewa, ila kwa mwenye keloidi (makovu yanayovimba kupita jeraha) iogopwe. Na mtu mmoja wa karibu mwambie inavyokuumiza. Hili ni jambo zito kwa wanaume wengi, na kulibeba kimya ndiko kunakomfanya mtu alipe pesa kwa kliniki iliyomjibu ndani ya saa moja.

---

Mzawa_wa_Temeke

Nashukuru sana wakuu. Mawili zaidi. Kovu langu la chanjo begani limevimba na linawasha, je, FUT ingekuwa salama zaidi kwa kuwa mizizi haikatwi na panchi? La pili, dada yangu nywele za mbele zimekwisha kabisa, na kliniki ileile imemwambia anafaa kwa grafti 2,500.

---

Kinu_na_Mchi

FUT inakata ukanda wa ngozi wa upana wa sentimita 1 hadi 1.5 kisogoni, halafu grafti zinachambuliwa chini ya hadubini, mkataji akifuata mpindo wa kila mzizi. Kwa nywele zetu hiyo ni faida ya kweli, zinazokatika huwa chache. Gharama yake ni kovu la mstari kutoka sikio hadi sikio, ambalo anayenyoa namba 1 hawezi kulificha. Kovu la begani linalovimba na kuwasha linataka kutazamwa kabla ya njia yoyote. Mwonyeshe daktari pia ndevu, masikio na kifua. Baadhi ya watu wana keloidi begani au kifuani tu na kichwa kikapona vizuri, lakini hilo linapimwa: anatoboa matundu machache kisogoni na kupanda grafti chache mbele, mnasubiri miezi 3 au zaidi. Likivimba kovu hata moja, achana na upasuaji.

---

Mama_Zuu

Kuhusu dada yako, kaka. Swali la kwanza si grafti ngapi, ni kwa nini zimekwisha.

Kama ni mistari ya mbele na ya masikioni tu, na pembeni kabisa mwa ngozi kimebaki kiuzi cha nywele fupi laini, hiyo ni ya kuvutwa: rasta nzito, kusuka kwa kukaza, wigi la gundi. Ikiwahiwa inarudi yenyewe mvuto ukiondoka, ikisaidiwa na minoxidil. Ikishakaa miaka na ngozi imekuwa laini haitarudi, na hapo kupandikiza kunafaa vizuri, kwa sharti kwamba ameacha kusuka kwa kukaza moja kwa moja. Nywele iliyopandwa inavutika na kung'oka kama ile ya kwanza. Msusi akimaliza na kichwa kikauma au kikatoa vijipele, kafumuliwe siku ileile. Na dawa ya nywele isikutane na kusuka kwa mfululizo.

Lakini kama ilianzia utosini ikatanuka kama duara, na kuna kuwasha au kuungua, hiyo huenda ni upara wa makovu wa utosini, CCCA, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 jeni ya PADI3 ilihusishwa nao, kwa hiyo si kila mara ni kosa la saluni, na dada zetu wanalaumiwa bure. Huo unatibiwa kwanza kwa sindano za steroidi na vidonge vya antibiotiki ya kupunguza uvimbe. Grafti haziwekwi mpaka ugonjwa utulie angalau mwaka mmoja, vinginevyo ugonjwa unazila nazo. Kinyama kikatwe, kipimwe, ndipo aongee na mpasuaji.

---

Baharia_Tanga

Niongeze ya baada ya upasuaji, kwa sababu kliniki inakuaga siku ya 3 na matatizo yanakuja ukiwa nyumbani.

Siku 10 za kwanza grafti bado haijashika. Unalala chali, kichwa juu ya mito 2 au 3. Hukuni, hunyanyui mizigo, huvai helmeti ya bodaboda. Kwa Waislamu, sujudu inaleta damu kichwani na paji linagusa chini: muulize sheikh kuhusu kusali kwa kuketi siku hizo. Paji la uso na macho huvimba siku ya 3 au ya 4, ni maji ya ganzi yanayoshuka, yanaisha. Kuosha kunaanza siku ya 2 au 3 kwa maji ya kumimina na povu la kupapasa, na magamba yatoke yenyewe kabla ya siku ya 14. Bahari ni baada ya mwezi, jua kali ni kofia pana iliyolegea kwa miezi 3. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla na baada, inabana mishipa.

Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele zilizopandwa hudondoka. Mzizi umebaki chini. Kuota kunaanza mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili ni miezi 12 hadi 18. Nywele za kipilipili zikianza kutoka hujikunja chini ya ngozi na kuleta vipele. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu kinatosha, usivitumbue. Ngozi ikiwa nyeusi au ya kijivu na inauma, ikatoa usaha, au ukapata homa, huyo ni mtu wa hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kusafiri uwe na daktari wa ngozi wa hapa aliyekubali kukuona ukirudi. Na usiondoke kliniki bila ripoti yenye jina na sahihi ya daktari: grafti ngapi za nywele 1, 2, 3 na 4, zimevunwa wapi, panchi ya ukubwa gani, ganzi kiasi gani.

---

Mzawa_wa_Temeke

Wameniandikia tena leo: nikitanguliza kesho, bei inapungua.

---

Binti_wa_Ng'ambo

Usitume. Waandikie hivi, neno kwa neno kama unataka: "Nina vipele sugu kisogoni na kovu linalovimba begani. Nani daktari atakayevuna na kutoboa, jina kamili na namba ya leseni? Je, atafanya jaribio la grafti 50 kwanza, na likishindikana narudishiwa fedha zote?" Picha ya vipele iambatanishe, ya karibu, kwenye mwanga wa dirishani. Kituo chenye daktari kitakuomba utibiwe kwanza na kitakupangia simu ya video naye. Kikikujibu kwamba hakuna shida, njoo tu, futa namba yao na ujaze miadi ya daktari wa ngozi.